Vidonge vya foliki: Mjamzito, soma miligramu kwanza

Mimba ina miezi mitano. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki vimekwisha siku nne kabla ya tarehe ya kurudi. Wifi yake ana mtoto mwenye selimundu, na kabatini kuna kikopo cha asidi ya foliki.

“Chukua hivi vya mwanao, wifi. Foliki ni ile ile.”

Mazungumzo ya namna hii si mageni katika familia nyingi, kuanzia Mlandizi na Ruvu Stesheni hadi vijiji vya Kisarawe. Ni kweli kwamba vitamini ni ile ile, yaani vitamini B9. Kinachotofautiana ni kipimo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mjamzito apate miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku, pamoja na miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma. Kidonge anachopewa mgonjwa wa selimundu kwa kawaida kina miligramu 5 za foliki. Hiyo ni zaidi ya mara 12 ya anachohitaji mjamzito wa kawaida.

Kwa ukanda wa Mto Ruvu, tofauti hiyo ina uzito kwa sababu ya malaria. Mjamzito hupewa kliniki dawa ya SP, vidonge vitatu vya kumeza kwa mara moja, kuanzia mwezi wa nne wa mimba. Dozi moja na nyingine hupishana angalau mwezi mmoja. SP humzuia kimelea wa malaria kutengeneza foliki anayohitaji ili azaliane. Foliki ikizidi mwilini mwa mama, dawa hiyo hupungua nguvu. Ndiyo maana WHO inaonya kuwa miligramu 5 au zaidi kwa siku zisitumike pamoja na SP. Miligramu 0.4 hazina tatizo.

Malaria ya mjamzito inaweza kujificha kwenye kondo la nyuma bila mama kuwa na homa. Humpunguzia damu, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo au mimba kuharibika.

Hata hivyo, hii si sababu ya kuikimbia foliki. Upungufu wake huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, tatizo linalohitaji upasuaji kama unaofanywa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za kwanza baada ya mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Anayepanga kupata mtoto aombe foliki mapema, kabla ya kushika mimba.

Wapo wanaohitaji kipimo kikubwa, wakiwamo wajawazito wenye selimundu, wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa na waliowahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Hao huandikiwa na daktari. Wasiache dawa wenyewe, ila wamweleze mhudumu kabla ya kupewa SP.

Mambo ya kuzingatia nyumbani:

• Soma miligramu kwenye pakiti kabla ya kununua dukani. Beba kliniki dawa zote unazotumia.

• Usimeze vidonge vya damu kwa chai, kwani hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Tumia maji. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

• Viweke mbali na watoto. Chuma nyingi inaweza kumuua mtoto mdogo.

• Kula kunde, maharage, mchicha na matembele, na usichemshe mboga hizo kupita kiasi. Kanuni zinataka viwanda vikubwa viongeze foliki kwenye unga, lakini unga uliosagwa kwenye mashine ya kijijini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Na yule wifi? Kikopo kirudi kabatini, kwani mtoto anahitaji dawa yake kila siku. Mjamzito asisubiri tarehe. Kesho asubuhi aende zahanati na kadi yake, aombe vidonge vingine.