Ajali ya Majini Ina Kinga

Kuna msemo ambao watu huukimbilia kila kunapotokea maafa: eti ajali haina kinga. Mimi siupingi kwa mambo yote, lakini kwa ajali za majini nasema waziwazi kwamba kinga ipo. Kinga hiyo ni jaketi ya kuokoa maisha. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi yeyote asiyetaka kuivaa asipande chombo, hata kama amekwisha kulipa nauli.

Nayasema haya kwa sababu likizo ya Desemba iliyopita mimi na marafiki zangu wanne tulikodi mashua ya injini kule Shimoni, Kwale, tukaenda kutembea katika hifadhi ya baharini ya Kisite. Raha ya siku hiyo sitaificha. Tulipita kando ya kisiwa cha Wasini, tukaona pomboo wakiruka, tukatazama matumbawe na samaki wa kila rangi, kisha tukala wali wa nazi hadi tukashindwa kuinuka. Mwenzetu mmoja kutoka Machakos, ambaye bahari alikuwa ameiona kwenye ramani tu, alibaki akirudia, "Kumbe ni kubwa hivi!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Hata hivyo, kabla ya kuondoka palizuka ubishi. Nahodha alipotugawia jaketi, mmoja alilalamika kwamba joto ni kali. Wa pili akasema picha zake zitaharibika. Wa tatu akajigamba, "Mimi naogelea kama samaki, hiyo ni ya watoto!" Mzee wa watu hakugombana na mtu. Alizima injini, akaketi, akasema, "Wanangu, mimi sina haraka. Mkivaa tutakwenda, msipovaa tutakaa papa hapa mpaka maji yapwe." Wakavaa huku wananung'unika.

Hebu tuzipime sababu zao. Joto ni kweli lipo, lakini hakuna aliyewahi kuzikwa kwa sababu ya kutokwa na jasho. Kuhusu picha, sijui ni nani atakayezitazama kwa furaha ikiwa mwenyewe hakurudi nyumbani. Na huyu samaki wetu je? Kuogelea ni jambo zuri sana, na natamani kila mmoja wetu afundishwe. Lakini kidimbwi si bahari. Bahari ina mkondo na mawimbi, na mtu aliyegonga kichwa chomboni akazirai hawezi kupiga mikono hata awe bingwa. Jaketi humsaidia kuelea wakati yeye mwenyewe hana nguvu.

Kuna wengine husema, "Ah, nitaivaa tukipata shida." Jamani! Chombo hupinduka kufumba na kufumbua. Nani atakungoja utafute jaketi chini ya viti, ufungue kamba, ufunge vifungo, na maji yamekufika kooni? Tahadhari ni kabla ya hatari.

Tena wapo wanaojifariji kwamba nchi kavu iko karibu. Hao nawakumbusha feri ya Mtongwe, Mombasa, iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994. Watu 272 walikufa, na ufuo ulikuwa hapo hapo machoni pao. Nawakumbusha pia MV Nyerere, iliyozama Ziwa Viktoria tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara nchini Tanzania, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Walikuwa karibu kufika. Karibu na nchi kavu si nchi kavu.

Isitoshe, jaketi peke yake haitoshi bila nidhamu. Pomboo walipotokea, wenzangu watatu waliruka wote upande mmoja kutazama, na mashua ikalala. Nahodha alipiga kelele, "Kaeni! Kila mtu mahali pake!" Walirudi mbio, nyuso zimewabadilika. Tangu hapo sikusikia tena mtu akinung'unika kuhusu joto.

Nitasema na la upande wa pili, maana haki ni haki. Nahodha wetu mwenyewe na kijana wake hawakuwa wamevaa chochote. Nilipomwuliza kwa adabu, "Mzee, na yako iko wapi?" alicheka akajibu, "Mimi nimezaliwa humu." Kwa heshima zote, hapo sikubaliani naye. Bahari haina mwenyeji. Akianguka nahodha, ni nani atakayeturudisha pwani sisi watu wa bara?

Najua baadhi ya wazazi na walimu wakisoma haya watasema, "Basi msiende kabisa." La hasha! Tukikatazwa, wengine watakwenda kwa siri, na anayekwenda kwa siri hamwulizi mtu kama chombo kina jaketi. Halafu hifadhi hizi ni zetu. Si haki mtalii atoke ng'ambo kuja kumwona pomboo wetu, na mtoto wa Machakos amjue kwa picha ya kitabuni tu.

Kwa hivyo natoa shime kwa chama chetu na kwa walimu wanaopanga ziara. Siku tutakapokwenda tena majini, zihesabiwe jaketi kabla ya kuhesabiwa pesa. Vichwa thelathini, jaketi thelathini, na ya nahodha iwe ya thelathini na moja. Ikipungua hata moja, tubaki ufuoni tucheze mpira. Hapo ndipo natia nanga.