Mlango wa bafuni kwa Baba Mkubwa

Nimekuwa adimu humu wiki mbili hizi, mnisamehe. Baba mkubwa alianguka, nami nikageuka msindikizaji wa hospitali.

Ana ugonjwa wa Parkinson. Ukoo ulipoteza miaka mitatu ukisema ni uzee tu, wengine wakamtaja jirani (ndivyo tulivyo). Wala hatuko peke yetu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Sasa kinachonikera. Hospitali walimtembeza kwenye korido pana, akatembea vizuri tu. Tukaambiwa arudi kila wiki. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, mtu anayeyumba! Halafu nyumbani, akifika kwenye mlango mwembamba wa bafuni, miguu inaganda kama imepigwa misumari. Hapo ndipo alipoanguka. Hivi kuna mtaalamu gani aliyewahi kuuona mlango huo?

Vidonge vya levodopa vimempunguzia ukakamavu, lakini kuyumba huwa hakusikii sana dawa. Kunataka mazoezi. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo kutoka Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi: wagonjwa 153 walifuatwa majumbani mwao, kila mmoja kwa wiki tatu, wakifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo au alama. Wakapata nafuu, ingawa si kubwa. Mtaalamu alipoacha kuja, nafuu ikafifia. Mwaka 2010 yakatoka ya kwetu, wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania ambao hawakuwa wameanza dawa. Nao mwendo wao ulikuwa bora baada ya mazoezi ya namna hiyo.

Najua mtaniambia wataalamu wa fiziotherapia hawatoshi. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema waje nyumbani hata mara moja kwa mwezi, watufundishe sisi tunaoishi na mgonjwa, kisha warudi kutukagua. Mgonjwa mmoja akivunjika nyonga, gharama yake ni ziara ngapi?

Sisi tumebandika utepe mweupe sakafuni, pale mlangoni. Binamu yangu anapiga makofi, moja, mbili, mimi nimesimama ubavuni tayari kumdaka. Jana mzee alivuka mara mbili. Ya tatu akakataa, akasema tumemfanya mwali wa kuchezwa ngoma.