AKIBA YETU NA HATI ZISIZOUZIKA



Wako wanaosema habari za bondi ni za matajiri, si za mtu wa spana au jembe. Sisi hatukubali. Mshahara wako hukatwa kila mwezi kwa ajili ya uzeeni, na fedha hizo hukopeshwa Serikali na pengine makampuni. Hati ya kampuni hulipa riba kubwa kuliko ya Serikali. Kwa nini? Twaambiwa ni kwa sababu kampuni yaweza kufilisika. Ni kweli, lakini si hilo tu.

Mwenye ng'ombe karibu na mnada wa kila juma hupata bei nzuri. Yule anayengoja mchuuzi apite mara mbili kwa mwaka hupunjwa, hata kama ng'ombe ni mnono. Hati nazo ni hivyo. Anayejua kwamba hataweza kuiuza upesi hutaka kuinunua kwa bei ya chini, na bei ikishuka riba hupanda.

Tazameni Marekani mwaka 2020. Mwanzoni mwa mwaka makampuni imara yalilipa kama asilimia 1 juu ya riba ya Serikali. Korona ilipoingia kila mtu akataka kuuza, wanunuzi wakatoweka, na kufikia 23 Machi tofauti ilikuwa kama asilimia 4. Siku hiyo Benki Kuu yao ilitangaza kwamba itanunua hati za makampuni. Tofauti ikaanza kushuka kabla haijanunua hata moja! Ugonjwa ulikuwa haujapungua, wala viwanda havijafunguliwa. Aliyerudi ni mnunuzi.

Hapa kwetu mnunuzi ni adimu hata siku za amani. Mwenye hati ya kampuni mara nyingi hukaa nayo mpaka miaka yake iishe.

Basi ile riba ya ziada ni ujira wa kungoja, na si kila mfuko wa akiba waweza kungoja. Ule wenye wanachama vijana waweza. Ule ambao kampuni yake inapunguza watu hauwezi, maana watakaoachishwa kazi watadai haki yao pamoja, na hati itauzwa kwa hasara.

Kwa hiyo katika mkutano wa mwaka msiwaulize wadhamini faida ni asilimia ngapi tu. Waulizeni pia: tukiachishwa kazi watu mia mwezi ujao, ni hati zipi mtauza, na nani atazinunua? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.