Mita janja juu ya nguzo iliyooza

Ndugu msomaji, unaikumbuka Novemba 24, 2024? Siku hiyo mita yako ya LUKU ilikuwa inafika mwisho wa hesabu zake. Zile namba 20 unazobonyeza ukishanunua umeme zina saa ndani yake, na saa hiyo ilikuwa ikihesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993. Mafundi walioibuni waliipa nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Zikiisha, mita inakataa kila namba unayoipa, hata kama umelipa.

Mita za namna hiyo ziko nchi nyingi na zote zilikuwa na ugonjwa huo huo. Hapa kwetu TANESCO walianza kutangaza Julai 2024, tuwape haki yao. Ukinunua umeme ulikuwa unaletewa mafungu matatu ya namba 20: mawili ya kuizindua mita, la tatu ndilo lililokuwa la yuniti zako. Vijana walikaa juu ya vigoda, tochi mdomoni, wanabonyeza namba 60 bila kukosea. Na kwa nini kila mtu alibonyeza mwenyewe? Kwa sababu mita hiyo ni kiziwi na bubu. Ofisini hawawezi kuiambia kitu, nayo haiwezi kuwaambia kitu. Umeme ukikatika mtaani kwako, wakubwa wanajua pale unapopiga simu, ukipata wa kuipokea.

Sasa wimbo ni mita janja na gridi inayoendeshwa kwa kompyuta. Wapo watakaodhani gazeti la upinzani litapinga, maana tumezoeshwa kuitwa wapinga maendeleo. La hasha! Tunaitaka jana. Tatizo letu liko kwingine.

Kwanza tuseme kwa nini tunaihitaji. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Kidatu nzima, kituo tulichokitegemea kwa miaka mingi, ni megawati 204. Maana yake mashine moja ya bwawa jipya ikizima ghafla, ni sawa na kupoteza Kidatu yote kwa kufumba na kufumbua. Umeme wa gridi lazima uende kwa hezi 50, na unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika kila sekunde. Ukipungua ghafla, mashine zilizobaki zinaelemewa na kupunguza kasi, nazo zinajizima kujilinda, moja baada ya nyingine, mpaka nchi inalala gizani. Binadamu aliyekaa mbele ya simu hana mbio za kuzuia hilo. Inatakiwa mitambo ijikatie yenyewe mzigo mahali fulani mara moja. Leo inakata mtaa mzima: baa, zahanati na kinyozi pamoja. Mita janja ingewezesha kukata majokofu ya hewa ya maofisini kwa nusu saa na kuiacha zahanati.

Wenzetu wa Kenya wameyaonja. Agosti 25, 2023 nchi karibu yote ilizimika, hata uwanja wa ndege wa Nairobi. Kampuni ya umeme ikasema mitambo ya upepo ya Turkana ilitoka kwenye gridi. Wenye mitambo wakasema gridi ndiyo iliyowatoa kwa kupandisha volti. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, mwananchi yuko gizani. Na kabla ya hapo, Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma. Megawati zaidi ya 180 zikapotea, taifa likazimika. Tumbili alipona.

Huyo tumbili ndiye hoja yetu. Hakuna kompyuta inayofukuza tumbili. Uzio unamfukuza.

Anayebisha aende Marekani. Agosti 14, 2003 watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Kilichoanza ni kitu cha kijinga kabisa: laini za Ohio zilipata joto, zikalegea, zikagusa miti ambayo haikukatwa matawi. Siku hiyo hiyo programu ya kengele katika chumba cha kuongozea umeme ilikuwa imeganda, na waliokaa mbele ya vioo hawakujua kuwa imeganda. Waliona kimya wakadhani ni salama. Laini zinakufa huko nje, ofisini kila kitu shwari! Panga la kukatia matawi linauzwa shilingi ngapi?

Mita ikiwa na masikio, tujue pia kwamba si bwana wake peke yake atakayeweza kuiambia kitu. Desemba 23, 2015 huko Ukraine, wezi wa kompyuta waliingia katika mitambo ya kampuni tatu za umeme. Wafanyakazi waliangalia mshale wa kompyuta ukitembea wenyewe kwenye kioo, ukizima kituo kimoja baada ya kingine. Wateja wapatao 225,000 wakawa gizani. Walirudishiwa umeme baada ya saa chache, na hapa vijana msikilize: waliokoa jahazi mafundi waliopanda magari, wakaenda vituoni kuwasha swichi kwa mikono. Je, kama mafundi hao wangekuwa wamepunguzwa kazi kwa sababu eti kompyuta inatosha?

Karibu zaidi na kwetu, Julai 2019 kampuni ya umeme ya jiji la Johannesburg ilishambuliwa kwa kompyuta. Nguzo zilisimama, mitambo inazalisha, lakini wenye mita za kulipia kabla walishindwa kununua. Sisi hata hatukuhitaji mvamizi. Mei 2021 mfumo wa LUKU uligoma, watu wakapanga foleni kutafuta umeme uliopo. Kijana mwenye mashine ya kuchomelea mageti, fedha iko mfukoni, umeme uko kwenye waya juu ya kichwa chake, lakini hali siku hiyo.

Sasa tufike kwenye ulaji. Mita mamilioni ni zabuni nene, na historia yetu ya zabuni za umeme inanuka. Mwaka 1995 walisaini mkataba wa IPTL wa megawati 100, tukalipa gharama za mtambo uwake usiwake, na moshi wake ulitufukuza mpaka kwenye kashfa ya Escrow mwaka 2014. Mwaka 2006 wakaleta Richmond, megawati 100 za dharura ambazo kampuni hiyo haikuzileta. Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. (Yaliyofuata 2015 ni hadithi nyingine, na upande wetu nao una lake la kujibu.) Kila mara mchezo ulikuwa ule ule: giza linatumika kuharakisha saini, mkataba unafungiwa kabatini, bili inakuja kwa mlalahoi.

Kwa hiyo kabla mita moja janja haijafungwa kwenye nyumba ya kupanga Manzese au Mbagala, tunataka kuuona mkataba mezani Bungeni, wote, pamoja na kurasa za nyuma. Programu ni ya nani: yetu, au tunakodishiwa na mgeni atakayeizima tukichelewa kulipa? Mita itaishi miaka mingapi kabla nayo haijafika mwisho wa hesabu zake? Mtandao wa simu ukikatika, inaendelea kutoa umeme au inajifunga? Nani ataruhusiwa kumzimia mtu akiwa ofisini, na mtu huyo atalalamika wapi?

Na orodha ya nguzo zilizooza, transfoma zilizoelemewa na miti iliyovamia laini ibandikwe kwenye ofisi ya kila wilaya, na tarehe ya kila moja kushughulikiwa iandikwe pembeni. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Vijana wenye vyeti vya umeme kutoka VETA wamekaa vijiweni, wanajua kupanda nguzo, wanasubiri kuitwa.