Grese ya mgodi isishuke mu kisima

Ba mama wa hapa Lukafu wanajua pompi iliyochoka: unashusha mkono wake mara makumi, mayi haipande. Mara mingi ni kipande kidogo cha chini kimekwisha, nacho hakina bei kubwa. Lakini kukifikia ni lazima kutoa tiyo zote za chuma, na kila moja iko na metre 3. Kisima cha metre 30 ni tiyo 10, na kila mahali pa kuungana ni fileti, yale meno ya kuzungusha. Pale fundi alipokata fileti alikata na ngozi ya zinki inayokinga chuma, kwa hiyo kutu inaanza paka pale. Ikishikana, kle inateleza, manshoni inapasuka, na ba mama wanarudi mtoni na mabidoni.

Ndiyo sababu ndugu mmoja akirudi kutoka kazini na kopo la grese mu mfuko, tunamupigia makofi. Sisi pia tulipiga. Leo tunasema hapana, na tunaomba mutusikilize mbele ya kukasirika.

Grese ile haikutengenezwa kwa mayi ya kunywa. Grese za fileti za tiyo za kutoboa miamba mara nyingi zimejaa unga wa chuma laini: zinki, pengine 40 mpaka 60 kwa 100 ya uzito wake, ao shaba, na zingine risasi. (Zinki na shaba, kumbe vitu ambavyo baba zetu walichimba Kipushi tangu 1924, vinaturudilia mu kopo.) Unga ule unakaa katikati ya meno mawili ya chuma, juu chuma kisikule chuma. Bila kitu katikati, meno yanagusana kwa nguvu, yanashikana, yanapasuana. Lakini risasi ikiingia mu mayi inaharibu akili ya mtoto, na waganga hawajaona kipimo chake kidogo ambacho ni salama. Nani kati yetu anasoma maandishi ya kopo lile, tena la Kiingereza, mbele ya kupakaa?

Halafu kuna upande wa pili, wa kule kopo lilikotoka. Hatumuite mtu mwizi. Lakini ukikaza bulo, ao tiyo yenye bega, karibu sehemu 9 kwa 10 za nguvu ya mkono wako zinakulwa na msuguano. Moja tu ndiyo inavuta chuma na kushikilia. Kipimo cha kukaza kilipangwa pamoja na grese ya namna fulani. Kopo likikosa, mwenzako anapakaa grese ya magurudumu. Ile inateleza kupita, basi kwa nguvu ileile tiyo inakazwa zaidi, meno yanavutika, na siku moja inakatika ndani ya shimo. Asipopakaa kitu, fileti inakamata, anaongeza bomba refu ku kle ili apate nguvu. Kle ikiruka, vidole vinabaki pale. Wake za wafanyakazi wanajua tunasema nini.

Kwa kisima dawa iko na haina bei kubwa: ule utepe mweupe wa mafundi wa mayi, ao filasi na pâte iliyoandikwa kwa mayi ya kunywa. Sugua fileti na burosi ya chuma mpaka kutu itoke. Zungusha utepe upande uleule wa kukaza, kama sivyo unatoka wote. Usiweke tiyo juu ya mchanga. Chembe moja katika meno inafanya kazi ya tupa.

Mafranka ya utepe itoke mu kisanduku cha pompi, kile ambacho kila nyumba inatia kila mwezi. Tunajua kuna nyumba zimeacha kutia, hata za wenye mshahara. Nao wanakunywa mayi ileile.