Mashua Kuukuu na Khiyari ya Siku Tatu



Vijana wawili, ndugu wa baba na mama, waliosoma chuoni kwetu tangu alifu mpaka wakahitimu, walitujia wakatuomba tuwe shahidi wa biashara yao. Marehemu baba yao alikuwa mvuvi. Katika mirathi walipata fedha kidogo, na mama yao akaongeza zake. Walikuwa wameona huko Pangani mashua ndogo ya tanga, kuukuu, yauzwa pamoja na tela yake ya kukokotwa na gari, kwa shilingi milioni moja na laki nane. Tulikwenda nao. Mashua ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu, yang'ara. Tukasikia ijabu na kabuli, fedha zikahesabiwa, tukatia sahihi yetu, tukarejea Tanga na nyoyo zetu radhi. Hatukuitazama mashua, tulitazama rangi.

Twaandika haya kwa kuwa vijana wengi wa pwani waanza kazi ya bahari kwa chombo kilichokwisha tumiwa na mwingine, na mara nyingi fedha ni za mama.

Mashua iliyokaa nchi kavu mbao zake hukauka na kunywea, na viungo vyake hufunuka. Ukiishusha majini siku ya kwanza huvuja, hata ikiwa nzima. Hili si aibu. Mbao zikisha kunywa maji huvimba, viungo hufumbana, na siku ya pili au ya tatu maji ya ngama hupungua. Lakini ubao uliooza, au ulioliwa kwa ndani na mdudu wa baharini, hauvimbi ukapona, huzidi kuvuja. Basi wakati ndio utenganao baina ya ukavu na ubovu, wala jicho la mnunuzi asimamaye ufukoni kwa nusu saa haliwezi kutenganisha.

Na hapa yatupasa tuione hikima ya sharia yetu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani, mnunuzi na muuzaji waweza kushurutisha khiyari isiyozidi siku tatu, na ndani ya siku hizo mwenye khiyari aweza kuivunja biashara bila ya kuulizwa sababu. Siku tatu! Lau tungalisema neno hilo moja siku ile Pangani, mashua ikaachwa ielee kwa nanga mbele ya macho ya wote wawili, ngama ingalitoa ushahidi bora kuliko sahihi yetu. Tuliyasomesha haya chuoni miaka mingi, tukipiga mifano ya mbuzi na ya nguo, wala hayakutujia tulipokuwa tumesimama mbele ya chombo.

Vijana walisafiri nayo. Siku ya nne, wakitoka kuvua, na mdogo wao wa miaka tisa yumo chomboni, maji yalipanda ngamani hata wakaacha nyavu, wakawa wateka kwa ndoo mpaka walipogusa mchanga. Mtoto yule hajui kuogelea. Walipokwangua rangi karibu na mkuku waliona ubao umeoza, na tundu limezibwa kwa vitambaa na lami.

Ilikuwa wajibu wao kumrudia muuzaji siku ile ile. Hawakufanya. Walijaza vitambaa vingine, wakavua siku tisa zaidi, wapate kwanza kurudisha gharama. Kisha ndipo wakatujia. Muuzaji alipoambiwa akajibu, "Mmeitumia baada ya kujua." Na kwa hukumu alisema kweli. Mtu akigundua aibu katika alichonunua ana haki ya kukirudisha, lakini haki hiyo ni ya papo hapo; akiendelea kukitumia bila ya udhuru, huwa ameridhika nacho. Alitaka pia kujikinga kwa neno lake la "nauza kama ilivyo". Neno hilo halimwokoi, kwani aibu aliijua akaificha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, akakuta umaji chini, akamkana mwenye kughushi. Rangi ile ya buluu ilikuwa nafaka kavu ya juu.

(Mwanafunzi mmoja alituuliza, "Je, Khidhri hakuitia aibu mashua ya maskini?" Tukamjibu kuwa aliitoboa ili mfalme asiipore, wenyewe wapate kubaki nayo, hakuipaka rangi akaiuza.)

Baada ya hayo tulimwendea fundi mzee wa vyombo, tukamwomba atufundishe tuliyostahili kuyajua kabla. Asema, usiogope chombo kibaya cha sura. Ogopa kilichopakwa rangi juma la mauzo. Chukua kisu kidogo, udunge mkuku na mahali mataruma yakutanapo na mbao, khasa pale maji ya mvua yatuamapo. Mti mzima hukikataa kisu. Piga mbao kwa nyundo ya mti usikilize: nzima hulia, mbovu hunong'ona. Michirizi ya kutu ni misumari iliyokufa. Kalafati iliyotoka yatiwa upya kwa pamba, na hiyo si gharama ya kutisha. Mkuku uliooza ni gharama ya mashua nyingine. Tanga litazame ukiliinua juani, na uzi uuvute kwa ukucha, kwani jua huua mshono kabla ya kitambaa.

Tela nayo, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiinamia, yataka macho yake. Maji ya chumvi hula beringi za magurudumu kimya kimya. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likikwaruza, lifunguliwe na litiwe grisi kabla ya safari. Ukifika ufukoni usiitumbukize tela majini mara moja. Ngoja vitovu vya magurudumu vipoe, kwani vikiwa vya moto vikapozwa ghafula hunyonya maji ndani. Mpira waweza kuwa na meno mazuri nao umepasuka ubavuni kwa uzee. Mashua ikalie mkuku wake, ifungwe tezi na omo, uzito uelemee mbele kidogo, ama sivyo tela hutikisa mkia barabarani. Mlingoti ulazwe, kwa ajili ya nyaya za umeme.

Kwa anayeanza kulishika tanga neno la fundi lilikuwa moja tu, nasi twalipeleka kwenu kama lilivyo: usiifunge demani. Ishike mkononi, ili upepo ukija kwa ghafula uiachie, tanga lipepee, mashua isimame. Waliopinduka wengi waliifunga. Aanze asubuhi, ndani ya ghuba, na kila aliyemo avae jaketi la kujiokolea. Aliyefunga tawakuli hana ruhusa ya kuacha sababu.

Tulimwendea muuzaji baada ya sala ya isha, sisi peke yetu, bila ya vijana. Hatukumtajia hukumu, maana hukumu ilikuwa upande wake. Tulimweleza khabari za mtoto na ndoo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akatoa ujira wa fundi na bei ya mbao mbili. Bei ya mashua hakuirudisha, nasi hatukuidai.

Mbao mpya zimetiwa, na chombo chaelea. Vijana huenda na kurudi, na alhamdulillahi samaki wapatikana. Mama yao hutupokea kwa heshima kama zamani, hutuletea kahawa, lakini yule mdogo bado hajamruhusu kupanda.