Ameenda Kweli ama ni Kiki?

Wasee, acha nianze na deni langu.

Oktoba 2018 nilikuwa kidato cha kwanza. Niliwekeana chapati mbili na jirani yangu wa dawati kwamba Roman Reigns atarudi ulingoni kabla wiki mbili ziishe. Tulikuwa tumeona klipu ya Raw ya tarehe 22 kwa simu ya kaka yake. Reigns alikuja bila ile vesti yake ya kazi, akasema jina lake halisi ni Joe, kwamba ameishi na leukemia kwa miaka 11, na sasa imerudi. Akauacha mkanda wake hapo katikati ya ulingo, akaenda.

Mimi nikacheka. "Kiki hiyo. Wiki ijayo utamwona."

Haikuwa kiki. Nilinunua chapati, na hiyo haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimemcheka mtu mwenye saratani ya damu, tena nikijiona mjanja.

Lakini pia nielewe. Mwenye alinifunza kutoamini ni Mark Henry.

Kama hujaona ile ya Juni 17, 2013, itafute leo. Henry alikuwa na miaka 42 na alikuwa WWE tangu 1996. Akatokea na koti la rangi ya samaki aina ya salmoni, akaongea kuhusu mke na watoto, akasema anaenda nyumbani. Analia. Watu wanamshangilia. John Cena, bingwa wa wakati huo, yuko hapo hapo ulingoni, anamkumbatia. Kumbe! Jamaa akamnyanyua Cena vile vile akiwa amemkumbatia na kumbwaga chini. Wiki nne baadaye wakapigania mkanda pale Money in the Bank, na Cena akashinda.

Mimi niliiona kwa kibanda cha video mtaani, nikiwa mtoto. Kuna mzee wa bodaboda alikuwa ameanza kupangusa macho. Tukamcheka mwezi mzima. Nadhani hapo ndipo niliapa kwamba hakuna mtu wa mieleka atanicheza tena.

Sasa, baada ya miaka mingi ya kuangalia hii kitu, nimejua shida yetu iko wapi. Tunaangalia machozi. Machozi hayasaidii. Henry alilia vizuri kuliko watu wengi waliostaafu kweli. Angalia vitu vingine.

Kwanza, nani yuko karibu? Kustaafu kwa uongo kunahitaji mtu wa kupigwa. Henry alikuwa na Cena mita moja kutoka kwake, mkanda ukiwa hapo, na shoo kubwa ikiwa chini ya mwezi mmoja mbele. Sasa linganisha na Edge, Aprili 11, 2011. Alisimama pale peke yake. Akaeleza mambo ya shingo, uti wa mgongo, na vile madaktari wamemwambia akiendelea anaweza kupooza au kufa. Hakuna adui aliyetajwa. Hotuba yenyewe haikuwa inauza mechi.

Pili, mkanda umeenda wapi? Desturi ya mieleka ni kwamba ukiondoka, unaondoka umelala chali. Unapigwa na mtu anayebaki ili jina lako limsaidie. Ric Flair alipigwa na Shawn Michaels WrestleMania ya 2008, na Cena aligonga mkono kusalimu amri kwa Gunther Desemba 13, 2025. Lakini Edge aliondoka akiwa bingwa, siku nane tu baada ya kuutetea mkanda huo WrestleMania. Reigns pia. Hakuna aliyewashinda. Kampuni ikibaki na mkanda usio na mwenyewe na ratiba iliyoharibika, ujue kuna jambo ambalo mwandishi wa skripti hakulipanga.

Tatu, kelele ni kiasi gani? Hapa mfano wangu ni CM Punk. Julai 2011 mkataba wake ulikuwa unaisha kweli, na wao wakaigeuza kuwa stori. Akampiga Cena nyumbani kwake Chicago, akatoroka na mkanda, dunia nzima ikaongea. Siku nane tu, amerudi. Halafu Januari 2014 akapigana Royal Rumble, na kesho yake akaenda. Hakuna hotuba, hakuna muziki, hakuna mkanda begani. Alikaa nje ya WWE hadi Novemba 2023. Ile iliyokuwa na maikrofoni ilikuwa mchezo. Ile ya kweli ilikuwa kimya.

Sasa mtu ataniuliza, "Lakini Edge si alirudi?" Alirudi. Royal Rumble ya Januari 2020, karibu miaka tisa baadaye. Daniel Bryan naye alistaafu Februari 2016 kwa sababu ya majeraha ya kichwa, na Machi 2018 madaktari wakamruhusu tena. Reigns mwenyewe alirudi Februari 2019 akisema ugonjwa umetulia.

Hapa ndipo mashabiki wengi hukosea. Mtu akirudi, wanasema alikuwa anadanganya. Hapana. Ukweli wa kuondoka unapimwa siku ile ya kuondoka. Edge wa 2011 hakuwa na tarehe ya kurudi mfukoni. Mark Henry alikuwa nayo. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa.

Na kuna wale wa katikati. Undertaker aliacha glavu, koti na kofia ulingoni mwaka 2017, tukalia, na mwaka uliofuata akampiga Cena WrestleMania. Shawn Michaels alikaa nje miaka minane, halafu akarudi kwa mechi moja Saudi Arabia mwaka 2018. Flair alipigana ile aliyoiita mechi yake ya mwisho Julai 2022 akiwa na miaka 73. Hao siwaiti waongo. Nadhani siku ile waliamini wanachosema. Ulingo ukawaita tena, ama pesa zikawaita, ama zote mbili.

Kinachofanya hii kazi iwe ngumu ni kwamba kweli na skripti zinalala nyumba moja. Usiku ule ule Reigns alipotangaza ugonjwa, Dean Ambrose na Seth Rollins, wenzake wa The Shield, walishinda mikanda ya timu, halafu Ambrose akamgeuka Rollins na kumpiga vibaya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Usaliti ulikuwa wa skripti. Lakini usaliti ule ulikuwa unatumia maumivu ya ugonjwa ule ule ili tukasirike zaidi. Kijana wa kidato cha kwanza angejuaje?

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Hizo ishara tatu zitakusaidia, lakini kuna siku hazitatosha. Siku hiyo utachagua kosa lako. Unaweza kuwa yule mzee wa bodaboda aliyemlilia Mark Henry bure, ama unaweza kuwa mimi niliyemcheka Reigns. Yule mzee alipoteza nini? Kicheko cha mtaa, kikaisha. Mimi sijasahau mpaka leo.

Na siongei mieleka peke yake. Nilipoacha chuo karo ilipogoma, beshte mmoja aliandika kwa grupu, "Hiyo ni content, mtamwona muhula ujao." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatumia akili ile ile niliyotumia 2018: kila anayeaga anatafuta views, kila chozi lina skripti. Tumeona wasanii wakiacha muziki Jumatatu na kutoa ngoma Ijumaa, hadi tumesahau kwamba kuna watu huondoka kweli, na wengi wao hawana hata maikrofoni.

Cena amesema ameisha. Najua kuna wasee wanamsubiri Rumble. Labda mko sawa. Mimi nimemwamini, na akirudi nitachekwa, sawa tu. Hiyo chapati niko tayari kulipa.